Kisima cha Shangazi na Mfereji wa Kondele

Juma hili tunawaletea habari za safari yetu ya Kisumu, mji ulio ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, ambako tulikwenda kwa jambo la kifamilia na tukarudi na somo la maji.

Shangazi yetu, dada wa baba, ameishi mtaa wa Kondele kwa zaidi ya miaka arubaini. Aliolewa huko akiwa msichana, akazaa huko, na mwaka huu akafiwa na mumewe huko huko. Ilipokaribia kumalizika eda yake ya miezi minne na siku kumi, mama yetu alisema haifai wifi yake atoke eda peke yake kama mtu asiyekuwa na jamaa. Basi tukafunga safari kutoka Mombasa, mama na sisi binti zake watatu, na halua na tende ndani ya kikapu.

Tulilala Nairobi, na siku ya pili tukapanda basi la Kisumu. Baada ya Kericho na mashamba yake ya chai, barabara ilishuka hadi kwenye uwanda wa Kano, tukapita mashamba ya mpunga ya Ahero, maji yakimetameta katikati ya miche. Jua la alasiri lilikuwa mbele yetu, na chini ya jua lile ziwa, ambalo Wajaluo hulita Nam Lolwe, lilionekana kama sinia la shaba. Kwa macho ya watu wa Mombasa, tuliozoea kuamka usiku wa manane kusikiliza kama mfereji unakoroma, nchi ile ilikuwa na maji ya kumwaga.

Kutoka kituo cha mabasi tulichukua tuktuk, tukapanda na barabara ya Kakamega, tukaliacha soko la Kibuye, na mara tukawa chini ya daraja kubwa la magari la Kondele. Hapa ni njia panda, na kama zilivyo njia panda zote, hapalali. Kuna mahindi ya kuchoma, omena waliotandazwa juu ya magunia, nguo za mitumba zinazoning'inia hadi juu ya vichwa vya wapitaji, na bodaboda wanaoita abiria kwa Kiluo na Kiswahili katika sentensi moja. Jirani ipo hospitali kuu ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Nyuma ya maduka ndipo inapoanza Manyatta, makazi makubwa yaliyobanana, na sehemu yake moja huitwa Manyatta Arab. Huko, katika uchochoro ambao tuktuk haikuweza kuuingia, ndiko kwa Shangazi.

Alitupokea mlangoni kwa machozi. Alipokwisha kutukumbatia mmoja mmoja, alituletea maji ya kunywa katika bilauri kubwa, na kabla hatujainua mikono akasema:

“Kunyweni bila wasiwasi. Haya si ya kisima. Nimeyanunua.”

Tulidhani anatania. Nani anunue maji ya kunywa akiwa kilomita chache tu kutoka Nam Lolwe? Kisha tukachungulia uani, tukakiona kisima chenyewe: ukuta wa duara wa saruji, kamba, ndoo, na wanawake watatu wa jirani wakisubiri zamu yao huku wakizungumza. Maji yake yalikuwa meupe na baridi. Hayakuwa na chumvi kama ya visima vyetu vya kisiwani. Kwa kuyatazama tu, mtu angesema ni maji ya peponi.

Baada ya Isha, wageni wengine walipoondoka, Shangazi alimwambia mama yetu jambo lililomkaa moyoni. Kisima kile kilichimbwa na marehemu mumewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mwaka aliofiwa na mamake. Alikuwa amesikia darasani kisa cha sahaba Saad bin Ubada, ambaye baada ya kufiwa na mamake alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, ni sadaka gani iliyo bora kumtolea, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima. Marehemu hakuwa tajiri. Aliuza baiskeli yake, akakopa, akachimba. Tangu siku ile hakumtoza mtu hata senti, awe Muislamu au asiwe, awe mpangaji wake au mpita njia.

“Sasa, wifi,” Shangazi akaendelea, “mvua za masika zilipopiga, watoto wa uchochoro huu walishikwa na kuhara. Wawili walilazwa. Akaja bwana afya, akachukua maji ya kisima kwenye chupa, na aliporudi akasema yana vijidudu vya choo, yasinywewe. Mimi nipo edani. Miezi minne nimekaa dirishani nakitazama. Nikikifunga, naona nimemkatia marehemu sadaka yake. Nikikiacha wazi, mtoto wa watu akifa nitajibu nini?”

Mama hakuwa na jawabu, wala sisi hatukuwa nalo. Hatukujua kama ni kisima kweli kilichowaumiza watoto wale au ni kitu kingine. Lakini hapana aliyethubutu kusema kuwa sicho. Tukamwomba Shangazi atupe siku chache, maana tulitaka kwanza kufahamu jambo lililotushangaza tangu bilauri ile ya kwanza: imekuwaje mji uliojengwa ukingoni mwa ziwa umlazimu mtu kuuza baiskeli yake ili achimbe kisima?

Kisa hicho kinaanzia kwetu pwani. Kabla ya reli, misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokuja pande hizi ilikuwa ikikusanyika Mumias, kwa Nabongo Mumia, na Kisumu palikuwa mahali ambapo makabila ya jirani yalibadilishana vyakula; jina lenyewe kwa Kiluo limetokana na maana hiyo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston. Wakati huo pande hizi zilikuwa bado chini ya Himaya ya Uganda, na mwaka 1902 ndipo zilipohamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Pamoja na reli walikuja Wahindi, Waswahili na Wanubi, na kwa hivyo misikiti ya Kisumu ina umri unaokaribiana na wa mji wenyewe.

Mji ule mpya ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa kwenye mwinuko unaopata upepo wa ziwa, Wahindi walikaa karibu na maduka yao, na Waafrika walitakiwa wawe wafanyakazi mchana na wageni usiku. Mabomba ya maji yalifuata mpango huo huo. Yalikwenda kwanza kwenye reli, kwani garimoshi la mvuke nalo hunywa, kisha kwenye ofisi, majumba ya mwinukoni na madukani. Yalisimama pale mpaka wa mji uliposimama.

Manyatta, ambayo Kondele ndiyo mlango wake, ilikuwa nje ya mpaka huo. Ilikuwa ardhi ya koo za Wajaluo, yenye mashamba na maboma, na watu waliokuja kutafuta kazi mjini walipanga vyumba huko kwa sababu huko ndiko walikoruhusiwa na ndiko walikomudu. Mpaka wa mji haukupanuliwa na kuziingiza sehemu hizo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hata baada ya kupanuliwa, ramani ilitangulia na bomba likachelewa. Vyumba viliongezeka, kiwanja kwa kiwanja, bila barabara iliyopimwa wala nafasi ya kupitisha mfereji. Mwenye nyumba aliyewajali wapangaji wake alichimba vitu viwili katika kiwanja kile kile, kisima upande mmoja na choo cha shimo upande wa pili. Maji ya ardhini hayako mbali huko Manyatta, na ukaribu huo uliokuwa neema ndio uliogeuka kuwa hatari, kwani shimo la choo nalo huyakaribia. Watafiti waliopima visima vya Manyatta kwa miaka kadhaa walikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vingi, na kadiri nyumba zilivyosongamana ndivyo vyoo vilivyozidi kuvizunguka visima.

Basi tuliposimama tena kando ya kisima cha marehemu, tulifanya kile ambacho bwana afya alikuwa amekifanya, tukahesabu. Kutoka pale tuliposimama tuliona vyoo vya shimo saba, vinne vikiwa upande wa juu wa kisima. Marehemu alipochimba, Shangazi alisema, kilikuwapo kimoja tu. Hakukosea alipochimba. Mji ndio uliomzunguka.

Siku ya tatu Shangazi alitupa kijana wa jirani atutembeze. Ni fundi wa mabomba, mpole, na anatuita mama zake ingawa wawili kati yetu ni wadogo kwake. Alitupeleka kwanza Dunga, ufukwe wa wavuvi ulio kusini mwa mji, penye mafunjo marefu na harufu ya samaki wa kukaanga. Upande huu ndiko maji ya mji yanakovutwa kutoka ziwani na kusafishwa. Tulidhani kazi ni ndogo, kuchota tu. Yeye akatuonyesha kidole, kwanza ziwani, kisha juu mjini.

“Mama zangu, ziwa liko bondeni,” alisema. “Kila kitu cha mji kinateremkia huku. Mvua, taka, maji ya vyoo, udongo wa mito. Halafu sisi tunayachota haya haya, tunayasafisha, na tunayasukuma yapande tena. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Pampu ikisimama, Kondele ina kiu.”

Alitueleza jinsi yanavyosafishwa, na hapo mama yetu alicheka kwa furaha, maana dawa ya kwanza inayotiwa ni ya jamii ya shabu, ile ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiizungusha ndani ya mtungi ili tope litulie chini. Shabu hushikanisha chembe za uchafu hadi ziwe nzito na kuzama. Kisha maji huchujwa kwenye mchanga. Kisha hutiwa klorini ili kuua vijidudu vilivyobaki. Bibi zetu walizijua hatua mbili za mwanzo. Ya tatu hawakuwa nayo, na kipindupindu kilipokuja kiliwakuta hapo.

Ziwa lenyewe nalo limeelemewa. Tangu miaka ya 1990 gugu maji limekuwa likija na kuondoka kwa mafungu makubwa katika ghuba ya Winam, likifunga njia za ngalawa na kuwasumbua wavuvi. Ghuba ni nyembamba na haina kina kirefu, na maji yake hayabadiliki upesi na maji ya ziwa kuu. Kwa hivyo anayekunywa kutoka ghuba hii anakunywa alichokitupa mwenyewe, kikiwa kimezungushwa na kusafishwa kwa gharama.

Njia ya pili ya maji ya Kisumu ni kinyume cha hiyo ya kwanza. Kaskazini mashariki mwa mji kuna vilima vya Kajulu, na kando yake unapita mto Kibos unaotoka nyanda za juu za Nandi. Tangu zama za ukoloni mji ulichukua maji hapo, kwa sababu maji ya juu hujiteremkia yenyewe bila pampu. Ila chanzo cha zamani kilikuwa kidogo kwa mji uliokuwa ukiongezeka kila mwaka, hata sensa ya 2019 ikakuta watu wapatao 400,000. Katika muongo wa 2010, kwa mkopo na msaada uliopitia Shirika la Maendeleo la Ufaransa, ulijengwa mtambo mpya wa Kajulu wenye uwezo wa lita milioni 36 kwa siku, nao pia huteremsha maji kwa uzito wake mwenyewe. Umeme ukikatika, maji ya Kajulu hayasimami.

Fundi wetu alitukumbusha, hata hivyo, kwamba mtambo si jawabu lote. Kisumu ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2001, huduma ya maji ilikuwa bado mikononi mwa baraza la mji, na zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa kwa shida yalikuwa yakipotea njiani. Mengine yalivuja katika mabomba ya kale, mengine yaliibwa, mengine hayakuwa na mita. Ndipo ilipoundwa kampuni ya maji ya Kisumu, KIWASCO, ambayo ilianza kazi mwaka 2003, baada ya Sheria ya Maji ya 2002 kuitenga huduma hiyo na siasa za baraza. Na kampuni ilipojaribu kuingia vichochoroni ilikuta mabomba membamba ya plastiki yaliyotandazwa juu ya ardhi kama tambi sahanini, kila mtu na lake, yakipita ndani ya mitaro ya maji machafu. Bomba kama hilo likipasuka huku presha imeshuka, hufyonza uchafu wa mtaroni na kumfikishia mnywaji.

Dawa yake ilianzia Nyalenda, karibu na mwaka 2004. Kampuni ilileta bomba kubwa hadi mlangoni mwa mtaa, ikaweka mita, na kukikabidhi kikundi cha wakazi kinunue maji kwa jumla na kuyauza kwa nyumba na vioski, kikisimamia usafi wa mabomba na ukusanyaji wa malipo. Mpango huo ulifika baadaye katika mitaa mingine, Manyatta ikiwamo. Faida yake ni kwamba anayelinda bomba anajulikana na anaishi hapo hapo. Akilala, jirani humgongea. Kasoro yake ni kwamba maji huongezeka bei kwa kila mkono yanaopitia, na mkono wa mwisho ni wa kijana wa mkokoteni anayeleta mtungi wa lita 20 mlangoni kwa mjane.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 43, inamtambulia kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Tulipoyasema hayo nyumbani, jirani mmoja wa Shangazi, mama wa watoto watano anayefua nguo za watu kwa ujira, aliweka ndoo yake chini.

“Haki ni nzuri,” alisema kwa utulivu. “Lakini mwezi ukikaribia kwisha, mimi sina shilingi ya mtungi. Marehemu hakunitoza. Mkinifungia kisima hiki, watoto wangu watakunywa haki?”

Hakuna aliyemjibu. Mama yetu, ambaye hukosa neno mara chache sana, alimimina chai akampa. Usiku ule hatukulala vyema. Tangu tufike tulikuwa tumeliona jambo hili kuwa ni la Shangazi na marehemu wake, la thawabu na lawama. Mama yule alituonyesha kwamba ni la watoto watano pia. Kuwafungia kisima bila kuwapa badala yake ni kuwahamisha tu kutoka hatari moja hadi nyingine, kwani asiyekuwa na pesa ya mtungi atakwenda kuchota mtaroni.

Ijumaa, baada ya Swala, Shangazi akiwa sasa amemaliza eda, tulimwendea sheikh wa msikiti wa jirani, mzee aliyemfahamu marehemu tangu ujana wao. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema:

“Mumeo alinuia kuwapa watu maji. Hakunuia kuwapa shimo. Likiwa shimo halitoi tena maji ya kunywa yaliyo salama, basi aliyehai amtafutie marehemu maji. Na kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa.”

Akatukumbusha kisima cha Ruma cha Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua kwa mali yake ili watu wanywe bila kutozwa. Akamtaja Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyewaletea mahujaji maji hadi Makka kwa mifereji iliyojengwa kupita milimani. Karne nyingi baadaye mifereji hiyo ilikuwa imechakaa na kuziba, na aliyetoa mali ili izibuliwe na kujengwa upya, katika karne ya 16, alikuwa mwanamke mwingine, Mihrimah binti Sultan Suleiman wa dola ya Uthmaniya. “Thawabu ya Zubayda haikupunguzwa na Mihrimah,” alisema sheikh. “Aliyetengeneza alimkuta aliyejenga.”

Mama yetu, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Unguja, aliongeza la kwao: Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba, na wazee wa Unguja walikuwa wakilitaja jambo hilo hata walipokuwa wamesahau mengine yote aliyoyafanya. Sisi wa Mombasa nasi tunakunywa maji yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950. Kumbe mji wa Waswahili kama Mombasa hauishi kwa maji yaliyo karibu yake peke yake. Maji yanayonywewa ni yale yaliyosimamiwa na watu.

Uamuzi wa Shangazi ulikuwa wa kimama, yaani ulipita katikati. Kisima hakufukia. Aliagiza kifuniko cha zege chenye mlango mdogo wa chuma, na juu yake kuandikwe kwa rangi, kwa Kiswahili na Kiluo, kwamba maji haya ni ya kufua, kuosha na kujengea, hayanywewi. Kando ya kisima, kwenye ukuta ule ule, akaomba mfereji wenye mita. Ana vyumba vitatu vya kupangisha. Kodi ya kimoja ameitenga kulipia maji ya mfereji huo, na kila nyumba ya uchochoroni itachota mtungi mmoja wa kunywa kwa siku bila malipo. Anayetaka zaidi atachangia. Wanaye aliwapigia simu mmoja mmoja, nao wakaridhia, ingawa mkubwa aliuliza nani atalipa siku yeye Shangazi asipokuwapo. Shangazi alimjibu: “Wewe.”

Fundi wetu alitoa nasaha moja tunayoileta kwenu nyote, akina mama wa pwani, kwa sababu haihusu Kondele peke yake. Maji yaliyotoka mferejini yakiwa safi huweza kuharibika ndani ya nyumba, kwa kata inayolazwa chini na mkono wa mtoto unaozamishwa mtungini. Miaka ya mwanzo ya 2000, wanawake wafinyanzi wa Nyanza walikuwa wakitengeneza mitungi ya udongo yenye mdomo mwembamba, kifuniko, na kijifereji chini, ili maji yamiminike bila mkono kuingia. Mtungi huweka ubaridi kama wa bibi zetu, na maji hubaki vile yalivyotiwa. Shangazi anao mmoja wa namna hiyo, na maji ya bilauri yetu ya kwanza yalitoka humo.

Na kwa familia zinazonuia kuwachimbia wazazi wao visima vya sadaka, jambo jema ambalo huku kwetu limeenea, tunawaomba wasiishie kwenye picha ya siku ya ufunguzi. Waulize vyoo viko umbali gani na upande gani wa mteremko, nani atayapima maji baada ya masika, na nani atalipia kamba, pampu na ukarabati miaka kumi ijayo. Kuchimba ni siku chache. Sadaka inaendelea kwa muda ambao kuna mtu anaiangalia.

Siku ya kuondoka, mfereji ulikuwa bado haujaunganishwa. Ombi lilikuwa limepokewa, mita haijaletwa, na Shangazi alikuwa akiwanunulia jirani zake maji ya mkokoteni kwa pesa zake huku akingoja. Kifuniko cha zege kilikuwa kinakauka chini ya magunia yaliyolowanishwa. Mama yule wa watoto watano alikuja kutuaga, akachota ndoo ya kufulia kwenye kisima, kisha akajaza mtungi wake wa kunywa kutoka pipa la Shangazi lililo barazani. Alibeba kimoja kichwani na kingine mkononi, na hakuchanganya.

Basi lilipopanda kutoka uwanda wa Kano tulitazama nyuma, tukaliona ziwa likiwa limelala pale pale bondeni. Tunamwomba Mola amrehemu marehemu, amlipe kwa kila aliyekata kiu kwa jasho lake, na amjaalie Shangazi mfereji wenye maji. Juma lililopita alitutumia ujumbe mfupi: mita imefika, maji yanatoka usiku, mchana bado.